Nusu Yenye Maji

Nilikuwa natafuta kipuri cha cherehani. Cherehani yangu ni ya zamani, ya kukanyaga, na vipuri vyake hapa Mbinga vilikwisha siku nyingi, kwa hiyo nikishamaliza kazi huwa napekua simu kwenye zile kurasa ambako watu wa nchi za mbali wanauza vitu vya bibi zao. Huko kuna pasi za mkaa, kengele za ng'ombe, saa za ukutani zisizotembea, kila kitu isipokuwa kipuri changu. Ndipo nikaiona picha aliyotuachia babu. Sisemi iliyofanana nayo. Ilikuwa yenyewe: genge jeusi, maji yanayoanguka kwa ngazi mbili, bwana wa kofia amesimama juu ya jiwe mkono kiunoni, na jani moja kubwa pembeni, karibu kabisa, utadhani limeshikwa na mpiga picha. Tofauti ni kwamba yetu ni nusu. Hii ilikuwa nzima, picha mbili zimekaa bega kwa bega kwenye kadi moja nene.

Simu za siku hizi zinatafsiri zenyewe, ingawa Kiswahili chake ni cha mgeni aliyeshuka jana. "Mtazamo wa stereo wa kale wa maporomoko yenye mandhari, unauzwa." Nikacheka peke yangu, nikidhani wanauza redio. Kisha nikasoma maelezo ya chini. Muuzaji alikuwa mtu mwema, alimfikiria mnunuzi asiyejua kitu. Alieleza kwamba picha hizi mbili si picha moja iliyorudiwa. Ya kushoto ni ya jicho la kushoto na ya kulia ni ya jicho la kulia, zimepigwa kwa kupishana kidogo kama macho yenyewe yanavyopishana, na zikitazamwa pamoja ndipo maji yanapotoka kwenye karatasi. Ukiwa na moja, aliandika, una karatasi tu.

Niliweka simu juu ya gauni la mteja. Mama yangu na mdogo wake walikuwa hawajakaa meza moja tangu nikiwa msichana, na sasa mimi nina wajukuu. Kilichowatenganisha ni kutokujua maneno hayo machache, ambayo mtu wa ng'ambo ameyaweka pale bure ili auze kadi yake.

Babu yetu alikuwa mpishi wa mapadri. Padri mmoja mzee aliporudi kwao alimwachia kitu ambacho sisi tulikiita darubini: kibao chenye mpini, vioo viwili mbele kama miwani, na waya wa kushikia kadi. Kadi ilikuwa hiyo moja. Padri hakuacha nyingine na babu hakuomba. Nyumbani kwake Mbuji, Jumapili baada ya misa, wajukuu tulinawa mikono, tukakaa mlangoni penye mwanga, tukapokezana. Ukichungulia, mwanzo unaona picha mbili zinachezacheza, kisha zinasogeleana, zinamezana, na hapo bwana wa kofia anabanduka ukutani. Jiwe linakuwa na mgongo. Jani lile linakujia mpaka unarudisha kichwa nyuma. Na maji, jamani, maji yanakuja. Nimeona televisheni, nimeona sinema kwenye simu, sijaona tena maji yanayokuja namna ile.

"Ni wapi huku, babu?" tulimuuliza.

"Ni maji tu," alikuwa akijibu. "Maji hayana kwao."

Mama na mama mdogo walichungulia kabla yetu. Mama yao alifariki wakiwa wadogo, na babu, mwanaume asiyejua kubembeleza, aliposikia wanalia aliwapa darubini wapokezane mpaka wanyamaze. Mama husema mdogo wake aliwahi kupitisha mkono nyuma ya kadi, kisha akaulamba kuona kama umelowa. Mama mdogo husema aliyelamba ni mama. Ubishi huo walikuwa nao tangu enzi zile na ulikuwa ubishi wa kupendana.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini picha ni mbili. Tulidhani nguvu yote iko kwenye vioo, na ile picha ya pili tuliichukulia kama kikombe cha akiba kabatini.

Babu alipofariki, tulipomaliza matanga, ukoo ulikaa sengu. Sengu kwetu Umatengo ni kikao cha kula pamoja na kusema pamoja; chakula kinaletwa kutoka kila nyumba, kinaliwa chungu kimoja, na jambo lililokwama linakwamuliwa hapo hapo watu wakiwa wameshiba. Kahawa na ngolo, yale mashamba yetu ya mashimo ya mtelemkoni, zilikwenda kwa mjomba, kaka yao, na hakuna aliyenung'unika maana ndivyo ilivyokuwa. Neno lilizuka kwenye darubini. Mama alisema yeye ndiye mkubwa. Mama mdogo alisema yeye ndiye aliyemuuguza mzee. Wakaanza kutajana mambo ya utotoni, mmoja akalia, wa pili akafuata, na ubwabwa ukapoa.

Mjomba alikuwa mtu wa amani. Aliichukua ile kadi, akaitazama mbele, akaitazama nyuma, uso ukamng'aa.

"Mnagombania nini, jamani?" alisema. "Picha ziko mbili, zinafanana kama maharage. Na ninyi mko wawili."

Akaomba mkasi. Ukaletwa ule uliokuwa umekatia maua ya karatasi ya jeneza, bado una uzi wa rangi umenasa kwenye skrubu. Akakata katikati, taratibu, ulimi ukiwa umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, na kadi ikalia kama bisi. Wazee walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa na wasichana wenzangu kando ya masufuria, nikajisemea kwamba nina mjomba mwenye hekima. Darubini ikabaki kwa mama kama mkubwa, kwa makubaliano kwamba mdogo atakuja kuchungulia wakati wowote atakao. Na kwenye kuchagua nusu, mdogo alichagua kwanza, kama watoto wanavyogawana muwa.

Hili linaniuma kwa sababu hakukuwa na mbaya pale. Ningependa awepo, ili nimkasirikie, maana mimi kukasirika nakujua.

Wageni walipoondoka mama aliweka nusu yake kwenye waya akachungulia. Hakuna kitu. Aliigeuza, akaisogeza, akatoka nayo uani juani. Bwana wa kofia alikuwa amebandikwa kwenye jiwe na jiwe limebandikwa kwenye genge. Mjomba alimfariji kwamba huenda mzee ameondoka na maji yake. Alichokiwaza mama nakijua kwa kuwa alikuja kukisema baadaye, mara nyingi, akipepeta mahindi, akichambua kahawa: mdogo ndiye aliyechagua. Mdogo alijua ni nusu ipi yenye maji.

Krismasi iliyofuata mama mdogo alipanda kutoka ziwani, alikoolewa, na kapu la samaki wakavu waitwao mbasa, na nusu yake ameifunga kwenye kitenge. Hata hakukaa vizuri. Aliomba darubini, akaenda mlangoni, akachungulia kwa muda mrefu mno kwa mtu anayeona kitu. Kisha akamgeukia dada yake.

"Dada, wewe yako unaona?"

Mama alikuwa anamimina kahawa. Mwanamke yule ana kiburi ambacho sote tumekirithi. Hakuinua macho.

"Naona vizuri sana," alisema.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika sinia. Mama mdogo alifunga kitambaa chake polepole, akasema basi linamngoja, na siku ile basi halikuwepo. Kahawa yake ilibaki mezani. Yeye aliamini kwamba dada yake amechukua vyote viwili, darubini na nusu yenye maji. Mama aliamini kwamba mdogo wake amekuja kumcheka, kujifanya haoni ili ajue kama dada naye haoni. Nusu mbili zilikuwa chumba kimoja siku ile, kati yao hakukuwa na hatua nyingi, na hakuna aliyewaza kuzilaza pamoja. Kila mmoja aliifumbata yake.

Baada ya hapo walionana misibani, kwa kuwa msibani lazima. Walisalimiana, walilia marehemu, wakakaa mikeka tofauti. Harusi yangu mama mdogo alituma samaki, yeye hakuja. Mama alikula wale samaki bila kusema kama ni watamu.

Hayo yote ndiyo niliyoyawaza pale kibandani pangu pa kushonea. Siku hizi mama anaishi kwangu hapa mjini. Nilirudi nyumbani nikamkuta anamimina chai, na chai inamwagika nje ya kikombe, juu ya kitambaa nilichokidarizi mwenyewe. Alikuwa amelianza hilo miezi ya karibuni.

"Mama, kikombe kiko hapa, unamimina wapi?"

"Meza yenu imepinda," alinijibu, na mimi nikafuta meza nikinung'unika.

Nilimwonyesha simu. Nilimsomea maelezo yote, nikayarudia kwa Kimatengo, nikanyoosha kidole, nikaziba jicho langu la kulia kisha la kushoto kumwonyesha jinsi kidole kinavyoruka. Alinitazama kwa kugeuza kichwa chote, namna yake ya siku hizi. Kisha akaanza kufuta chai kwa ncha ya khanga ingawa nilikwishaifuta.

"Kwa hiyo hakuniibia," alisema.

"Hakukuibia. Wala wewe hukumwibia."

"Mimi nilimwambia naona."

Nilitaka apige simu papo hapo. Alikataa, akasema jambo la namna hiyo halipigiwi simu, na kwamba kama nina miguu niende.

Nilipitia Ruanda ya huku kwetu, nyuma ya malori ya makaa ya mawe, nikila vumbi lake hadi meno yakawa yananisaga. Ukishuka kuelekea Lituhi unavua sweta, halafu unavua kilemba, halafu unatamani kuvua na ngozi. Mtu wa milimani hajui joto mpaka ziwa limfundishe. Mama mdogo nilimkuta kwake pembezoni mwa maji, anageuza dagaa kwenye kichanja. Alikuwa amekonda, nywele zote zimekuwa nyeupe, lakini mkono wake ulipita juu ya wale dagaa upesi kama wa msichana.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, mama mdogo."

"Milele amina. Marahaba. Nani kafa?"

Ndivyo tulivyokuwa tumefika. Mtoto wa dada yake akitokea mlangoni, lazima kuna maiti. Nilimwambia hakuna aliyekufa, akakaa, akanipa maji, akapika ugali wa muhogo na samaki wa magege, na mpaka nilipokuwa nimeshiba hakuniuliza nimefuata nini. Nikiwa nala niliiona nusu yake. Ilikuwa ukutani, juu ya kitanda, imepigiliwa kwa msumari mkubwa wa mtumbwi katikati ya mawingu.

"Ziwa lote hili liko mlangoni kwako," nilimtania, "na bado umetundika maji ya karatasi?"

"Haya si yangu," alisema. "Haya nimeolewa nayo. Yale ni ya kwetu."

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kuanza na habari ya macho, nilianza na simu. Nilimpa aone ile kadi nzima inayouzwa, nikidhani atafurahi kuiona, na yeye akaona bei. Bei kila mtu anaisoma, hata kama haijatafsiriwa. Uso wake ulifunga.

"Kumbe," alisema. "Dada amesikia ina bei, ndiyo amenikumbuka. Nzima ina bei kuliko nusu, si ndivyo? Mwambie siuzi."

Nilijieleza, nikajichanganya, nikapandisha sauti. Naye akapandisha. Tulikuwa wanawake wawili wa ukoo mmoja tunagombana mbele ya mabakuli, na kwa kweli nilikaribia kuchukua mkoba wangu niondoke, nimalizie pale kile alichokianza mama. Kilichonizuia ni aibu ya kurudi Mbinga mikono mitupu. Nikaacha kupiga kelele. Nikamwambia afumbe jicho moja, anyooshe kidole kwenye nguzo ya kichanja, kisha abadilishe jicho.

Alifanya kwa kunikomoa. Kidole kiliruka. Akarudia. Akarudia tena, safari hii akiwa amesahau kunikasirikia. Kila jicho linaona lake, nilimwambia, na kila picha ilikuwa na jicho lake. Mjomba alipokata alikata macho. Nusu yako haina maji, mama mdogo, na ya mama nayo haina, haijawahi kuwa nayo hata siku moja.

"Lakini alisema anaona."

"Alisema."

"Alikuwa haoni?"

"Alikuwa haoni kitu."

Nilitegemea atachukia. Alicheka, kicheko kilichoanza vizuri na katikati kikageuka, akajifunika uso kwa mikono inayonuka dagaa. Alilia kwa sauti. Alisema, "Mimi nilimwacha dada yangu na kahawa imemiminwa." Aliisema hiyo kahawa mara kadhaa, kana kwamba ndiyo iliyokuwa kosa lenyewe.

Nilipoomba anipe ile nusu niipeleke, alikataa katakata. Nusu yake haitembei bila yeye. Alipanda kitandani akaing'oa na msumari wake, akaifunga kwenye kitenge, na kesho yake tukapanda pamoja nyuma ya malori yale yale, yeye amekumbatia kifurushi na kapu la mbasa liko miguuni.

Sitaeleza walivyopokeana. Hawakusema mengi. Mama alimshika mdogo wake mabega, akayabonyeza kama anayenunua kitambaa, akamwambia, "Umekonda." Mama mdogo akasema, "Nimekuja kunywa kahawa yangu." Basi. Nikaenda jikoni kuichemsha kwa sababu nilikuwa nalia, na mimi nikilia nakuwa mbaya.

Kazi ya kuunganisha ilikuwa yangu kama fundi. Nilizilaza zile nusu kifudifudi. Nyuma ya kadi kulikuwa na maandishi ya kigeni ambayo mkasi wa mjomba ulikuwa umeyapasua katikati ya herufi, kwa hiyo nilizifuata herufi kama ninavyofuata maua ya kitenge kwenye mshono, mpaka kila mguu ukapata mwili wake. Ya mama mdogo ikawa ya kushoto. Ya mama ikawa ya kulia, na doa la kahawa chini, penye maji. Nikapitisha selotepu, nikateremsha darubini kutoka juu ya kabati, nikafuta vioo, nikachungulia mimi kwanza ili nihakikishe.

Picha zilichezacheza. Zikasogeleana. Bwana wa kofia akabanduka ukutani, akasimama peke yake mkono kiunoni, hajazeeka hata kidogo, na jani likanijia usoni, na nyuma yake maji. Juu kwenye mawingu kulikuwa na tundu la msumari, jeusi, linaelea kama nzi. Nikasikia harufu ya nyumba ya babu, moshi na sabuni ya kunawia. Nilitaka kukaa humo.

Nikampa mama, maana mkubwa ndiye wa kwanza. Alikaa mlangoni penye mwanga kama zamani. Alishika mpini kwa mikono miwili, mdogo wake amemwinamia, anapumua kwa mdomo.

"Dada? Unaona?"

"Naona," mama alisema. "Naona vizuri sana. Yule bwana ametoka. Jani lile lipo. Maji yanakuja, mdogo wangu, kama yalivyokuwa."

Mama mdogo aliipokea akachungulia, na hapo hapo akapiga yowe lililowatoa majirani. Akapitisha mkono nyuma ya kadi. Kweli, mwanamke mzima na mvi zake, akapitisha mkono, akautoa, akautazama. Mama alicheka mpaka akakohoa. "Nilisema ni wewe uliyelamba!" alisema. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akicheka kicheko kile, na huzuni ilinishika kati ya furaha yao, kwa kuwa nilihesabu harusi na ubatizo na mavuno ambamo kicheko kile hakikuwepo.

"Ila msumari wangu!" mama mdogo alisema, jicho bado kwenye vioo. "Umeuona, dada? Nimeharibu mbingu yote!"

"Msumari gani?" mama aliuliza.

Palipita kitambo. Kifupi, cha mtu kumeza mate. Kisha mama akasema haraka, "Aa, huo. Nimeuona. Haudhuru." Mdogo wake hakusikia kitu ndani yake, alikuwa kwenye maji. Mimi nilisikia. Huwezi kuchungulia ile picha usiuone ule msumari. Ndicho kitu cha kwanza kinachokuchoma.

Walikaa pamoja siku nzima na iliyofuata, wakala mbasa, wakamsema mjomba na kumwombea, maana naye ametangulia, Mungu ampumzishe na mkasi wake. Asubuhi nilimsindikiza mama mdogo stendi. Niliporudi, mama alikuwa mlangoni na darubini, peke yake. Alikuwa anaziba kioo kimoja kwa kiganja, anachungulia, kisha anaziba cha pili.

Nilichuchumaa mbele yake. Nikamwomba afumbe jicho la kulia, nikanyoosha mkono wangu mbele ya uso wake, nikauliza ni nini hiki. Alisema ni mkono. Nilikuwa nimeushusha.

"La kushoto lilizimika," alisema. "Lilianza kufifia kabla hujanileta mjini. Nilidhani ni uzee, likaenda hivyo hivyo."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ungenifokea."

Ningemfokea kweli. Na chai ile, na kitambaa, na meza iliyopinda. Juma lililofuata nilimpeleka hospitali, wakasema ni presha ya jicho, lililokwisha kuzimika halirudi, tulitunze lililobaki. Tunalitunza kwa matone asubuhi na jioni. Lakini siku ile pale mlangoni niliwaza jambo moja tu. Picha ya kushoto ni ya jicho la kushoto. Mama alikuwa ameshika kadi nzima mkononi na alichokiona ni nusu yake ile ile, yenye doa la kahawa, iliyolala bapa, aliyokuwa nayo miaka yote. Ya mdogo wake hakuiona. Wakati macho yote mawili yalikuwepo, kadi ilikuwa nyumba mbili. Tulipoileta nyumba moja, jicho lilikuwa limekwenda. Najuta. Sijui namjutia nani, lakini najuta kama mtu aliyefika stendi anaona vumbi la basi.

"Usimwambie mwenzangu," mama alisema.

"Ana haki ya kujua."

"Akijua atasema nimebakiwa na isiyo na maji, na safari hii atasema ni kwa sababu yake, aliondoka, hakurudi. Hatalala. Mwache. Mimi niliwahi kumwambia naona ili aumie. Sasa nimemwambia naona ili apone."

Simu yake ikaanza kuita kwenye meza. Ilikuwa mama mdogo, bila shaka ameshafika Ruanda, ana la kusema kuhusu malori. Mama alipapasa mpaka akaipata, lakini hakuipokea. Alinigeukia kwa kichwa chote.

"Huo msumari," aliniuliza kwa kunong'ona, "uko wapi hasa?"

"Juu," nilisema. "Kwenye mawingu, kushoto kidogo kwa maji."

"Mkubwa?"

"Mkubwa. Unaelea kama nzi."

Akaitikia kwa kichwa, akaweka simu sikioni.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti kubwa, yenye kelele za uchokozi, "huo msumari wako! Nimeamka nao. Nzi mzima anaelea kwenye mbingu za baba, kushoto pale juu ya maji, hata siwezi kutazama kwa raha!"

Nikasikia mama mdogo anacheka huko aliko, katikati ya ngurumo za malori, na mama akamsikiliza mpaka alipomaliza.